Hatua ya Kumi na Tisa

Barua iliyomshuku Osward Kasekwa kwa udanganyifu ilimfikia ikiwa imekwisha kufunguliwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Osward hakuwa na sanduku lake la posta. Kama wakazi wengi wa Mpanda wasio na ofisi wala biashara, alikuwa ameazima namba ya mwingine, na namba hiyo ilikuwa ya duka la vifaa vya ujenzi la Zubery. Asubuhi ile Mwanaiddi, mke wa Zubery, alizipasua bahasha zote kwa kisu kimoja, akaisoma hii hadi kwenye saini ndipo akatambua kwamba haikuhusu mabati.

"Samahani, Mzee," alisema. "Imefunguliwa pamoja na za dukani."

Osward aliinamisha kichwa na kukinga kiganja nyuma ya sikio la kushoto, lililokuwa afadhali. Mwanaiddi akarudia kwa sauti ambayo mtaa mzima ulikuwa umejifunza kuitumia kwake, sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya bonde. Mafundi wawili waliokuwa wakipimiwa misumari waligeuka. Akaendelea kwa sauti ileile, kwa kuwa hakuwa na nyingine ambayo ingemfikia, kwamba barua imetoka Kigoma, kwamba wanasema ametumia kompyuta, na kwamba neno lenyewe waliloliandika ni udanganyifu. Neno hilo alilitamka mara mbili, maana mara ya kwanza Osward alitikisa kichwa kuonyesha kwamba halikumfikia.

"Udanganyifu wa nini?" fundi mmoja akauliza.

"Wa mchezo," Mwanaiddi akamjibu kwa sauti ya kawaida, na hilo Osward hakulisikia.

Aliisoma akiwa amesimama kando ya mifuko ya saruji. Ilitoka kwa Umoja wa Sataranji kwa Posta, chama cha watu mia na ushei, wengi wao walimu wastaafu, mapadri na mahakimu wa mahakama za mwanzo, ambao katika zama hizi za simu bado walichezeana kwa kadi za posta, hatua moja kwa kadi moja. Mchezaji hupewa siku kumi za kufikiri, zinazohesabiwa kwa mihuri ya posta, na siku asizozitumia hujilimbikiza. Kutumia mashine ni marufuku. Kwa mwendo huo Osward alikuwa amecheza na Odeta Kokushubira wa Bukoba, mwalimu mstaafu wa hisabati, kwa miaka miwili na miezi kumi, na katika hatua ya arobaini na moja alikuwa amemshinda. Kiwango cha Odeta kwenye daftari la Umoja kilikuwa alama elfu mbili na kumi na tano. Cha Osward kilikuwa elfu moja mia tatu na tisini. Ni kama timu ya kata kuifunga timu ya taifa: yawezekana, lakini watu huanza kwa kumtazama refa.

Kamati ilikuwa imepokea malalamiko. Ilikuwa imeiweka hatua yake ya kumi na tisa mbele ya kompyuta, na kompyuta ikaichagua hatua hiyohiyo kati ya zote. Hakuna mchezaji wa kiwango chake, barua ilisema, na ni wachache mno wa viwango vya juu, ambaye angethubutu kuicheza. Alipewa siku ishirini na moja aeleze kwa mwandiko wake alivyoifikia hatua hiyo, na maelezo yabebe saini za mashahidi wawili waliowahi kumwona akicheza bila msaada. Akishindwa, ushindi ungefutwa na jina lake lingeondolewa daftarini.

Osward hakukasirika mara moja. Kwanza alijaribu kukumbuka ni nani katika mji wa Mpanda aliyewahi kumwona akifikiri, na hakumpata.

*

Nyumbani, Makanyagio, mkewe Josephina alikuwa uani akichambua mchele uliotoka Majimoto, ungo mapajani, miguu imenyooshwa juu ya mkeka. Alikuwa mwanamke wa Kibaoni, mwenye maneno machache, na miaka minne ya kuishi na mume asiyesikia ilikuwa imemfanya ayapunguze zaidi, kwa kuwa kila alichosema sasa kilisemwa mbele ya majirani. Mambo ya ndani ya nyumba ile yalikuwa yamekoma kuwa ya ndani. Hata swali la chumvi lilivuka ua.

Alipanguza mikono, akaisoma barua, akaikunja ilivyokuwa.

"Ulitumia kompyuta?"

"Ipi?"

Josephina aliitazama nyumba kana kwamba ingewezekana ipo. Haikuwepo. Palikuwa na simu yake ya vitufe, na kabatini, ndani ya boksi lake, palikuwa na simu ya kisasa ambayo mtoto wao Kelvin alimletea baba yake kutoka Mwanza, ambayo haikuwahi kuwashwa zaidi ya siku ile ya kuonyeshwa.

"Basi waandikie kwamba hukutumia."

"Wanataka niseme niliionaje."

"Uliionaje?"

Osward alijifanya hakusikia. Ni faida pekee ya maradhi yake, na hakuitumia mara nyingi.

Josephina akamwandikia mtoto. Kelvin akajibu upesi, nao ujumbe wake ukasomwa uani kwa sauti kubwa kuliko yeye alivyokusudia: alimpongeza mzee, akauliza ametumia programu gani, na akashauri asiwaambie. Osward aliomba asomewe tena. Aliposomewa mara ya pili alisimama, akaingia ndani.

Ndani, juu ya meza ndogo, ubao ulikuwa bado umepangwa kama mchezo ulivyoishia. Hakuwa ameupangua. Kwa watu wengine mchezo ni burudani. Kwa Osward ulikuwa umekuwa namna ya mwisho ya kuzungumza. Tangu masikio yamwache, watu walikuwa wakimwambia yale tu yaliyolazimu: chakula tayari, mvua inakuja, fulani amefariki. Hakuna anayepiga kelele ili kusema jambo lisilo na maana, na ni katika mambo yasiyo na maana ndimo watu wanamoishi. Lakini kwenye kadi hakuna anayepiga kelele. Chini ya kila hatua Odeta aliongeza sentensi moja. *Mvua imezidi, ndizi zimelala.* Naye akajibu: *Huku jua. Treni ya jana imefika leo.* Kwa kadi themanini na mbili alikuwa amejua kwamba mama huyo anaandika kwa mkono wa kushoto, maana wino wake uliburuzwa. Kwamba mwaka juzi alimzika dada yake. Na kwamba hapendi kutakiwa heri ya Pasaka. Hakuwa na mtu mwingine hai ambaye alimjua kwa kiasi hicho, ukimtoa Josephina, naye Josephina alikuwa amechoka kupaza sauti.

Jina likitoka daftarini, kadi zingekoma. Hicho ndicho kilichokuwa hatarini. Umoja ungeweza kuuchukua ushindi wake na asingeukumbuka sana.

Tatizo ni kwamba alijua vizuri alivyoiona hatua ya kumi na tisa. Hakuiona.

Kwa miaka ishirini na sita ya ukarani wa mizigo pale stesheni, alikuwa amecheza drafti kila siku ambayo treni ilichelewa, yaani siku nyingi. Katika drafti ya kijiwe kile kula ni lazima. Anayeiacha kete iliyo wazi, kete yake mwenyewe huondolewa ubaoni, na hakuna rufaa. Alasiri ile, karibu miaka miwili iliyopita, alikuwa ametoka kijiweni, michezo sita mfululizo, akaipitia kadi ya Odeta dukani, akaona kichwani mwake, maana ubao wote aliubeba kichwani, askari mweusi aliyeachwa peke yake pembeni bila mlinzi, na malkia wake mwenyewe akiwa na njia ya kumfikia. Mkono wake ulikwisha kuandika kabla ya yeye kuulizwa. Aliitumbukiza kadi posta akiwa njiani kwenda nyumbani. Ni alipoipanga hatua hiyo juu ya ubao halisi ndipo alipoona kwamba malkia amekwenda mahali ambapo hana kazi, na mfalme ameachwa kama nyumba iliyosahauliwa kufungwa.

Askari yule alikuwa chambo. Kila kitabu cha sataranji humwonya mwanafunzi asimguse. Mchezaji mwerevu angemwacha, na mchezaji mwerevu mno, yaani mashine, angemla, kwa sababu zilizo hatua kumi na mbili mbele. Osward alimla kwa sababu ya treni.

Yaliyofuata yalikuwa yake. Malkia alizuiliwa pembeni kwa miezi kumi, na kwa miezi hiyo kumi Osward alimtembeza mfalme kwa miguu kutoka kona moja ya ubao kwenda nyingine, mraba baada ya mraba, akipigiwa kila upande. Hatua ya thelathini na tatu peke yake ilimchukua siku ishirini na sita za akiba. Kulikuwa na mraba wa kurudi nyuma, wenye kinga, na mraba wa kwenda mbele, ulio wazi kabisa. Alikwenda mbele. Alipoituma kadi ile alikuwa amepungua mwili, na Josephina akamnunulia dawa ya minyoo.

Kuhusu hatua hiyo, barua ya Kigoma haikuuliza neno.

*

Aliandika maelezo kwa siku tisa. Yalifika kurasa nne. Alisema kwamba aliupima ubao mzima, akatambua kuwa uhai wa malkia pembeni ungekuwa na thamani ya muda mrefu. Kwamba alihesabu mbele hatua kumi na mbili. Kwamba usalama wa mfalme ni jambo la kulinganisha na wala si la kukamilika. Sentensi zilikuwa nzuri. Baadhi alikuwa amezisoma mahali fulani, na nyingine zilikuja zenyewe, kama zinavyokuja kwa mtu anayeeleza jambo ambalo hakulifanya.

Alimpa Josephina azisome, si kwa sababu angeelewa, bali kwa sababu hakuwa na mwingine. Alizisoma zote, kidole kikifuata mistari. Kisha akaziweka juu ya ungo uliokuwa mtupu.

"Hapa umeandika kama padri mgeni anayemzika mtu asiyemjua," alisema. "Hiki ndicho kilichotokea?"

Osward alikinga kiganja nyuma ya sikio.

"Baba Kelvin. Nimeuliza kwa sauti na umesikia."

"Hapana. Sicho."

"Basi kilitokea nini?"

Alimweleza. Alidhani ananong'ona, lakini alikuwa amepoteza kipimo cha sauti yake mwenyewe siku nyingi, na kila neno likapita juu ya ua. Alisema kwamba alikula kwa sababu amezoea kula. Kwamba hakufikiri hata kidogo. Kwamba kama angefikiri, asingekula.

"Mama Kelvin," aliita Jeniffer, jirani, kutoka upande wa pili, "Baba amekula nini? Hela za watu?"

"Amekula askari," Josephina akamjibu, na upande wa pili ukanyamaza ukilitafakari hilo.

Josephina akamwambia mumewe aandike hivyohivyo.

"Nikiandika hivyo nitakuwa mjinga mbele yao wote," Osward alisema. "Mia na ushei. Watalichapa kwenye jarida lao."

"Na usipoandika utakuwa mwizi. Mjinga watamwalika kwenye harusi zao."

Hakuwa mtu wa kubembeleza. Alizichukua zile kurasa nne, akazikunja mara mbili, akaziweka chini ya mguu mfupi wa meza ya jikoni, mahali ambapo zilianza kufanya kazi mara moja.

*

Mashahidi walikuwa suala jingine. Kanuni ilitaka watu waliomwona akicheza bila msaada. Haikusema akicheza nini. Osward, ambaye alikuwa karani kwa miaka yote hiyo, aliusoma mstari ule mara kadhaa na kuona kwamba una mlango.

Kijiwe kilikuwa palepale, nyuma ya stesheni, benchi mbili na ubao uliochorwa juu ya kipande cha mbao, vizibo vya soda upande mmoja vimelala kifudifudi na upande mwingine chali. Deo, fundi pikipiki, alikuwa bingwa wa mahali pale kwa kadiri watu walivyokubali kuwapo kwa bingwa. Alipoona karatasi aliyochora Osward, yenye miraba na herufi, alisema Karani sasa ameleta drafti yenye farasi, na kwamba farasi atafutiwe majani kwanza.

Osward alieleza polepole, akionyesha kwa kidole. Huyu malkia. Huyu askari. Kwenye mchezo huu kula si lazima. Wengine waliusogelea mchoro. Deo aliutazama kwa muda mrefu kuliko alivyohitaji.

"Si lazima?" aliuliza kwa nguvu.

"Si lazima."

"Na ukala?"

"Nikala."

"Na ukaisha?"

"Karibu niishe. Mwaka mzima."

Deo akasema ataweka saini popote, hata karatasi ikiwa tupu. Osward alikataa; alitaka ushahidi wa kweli, ulioandikwa na mwenye kuuona. Basi Deo akafuta grisi kwenye suruali, akachukua kalamu, na kwa herufi kubwa zisizofuata mstari akaandika: *Namfahamu Osward Kasekwa miaka ishirini na sita. Hajawahi kuacha kula, hata pale kula kunapomuua.* Akaisoma kwa wenzake, na benchi zote mbili zikacheka.

Osward aliona kicheko. Aliona mabega yakitikisika, mmoja akimpiga mwenzake gotini, na Deo akiongeza jambo lililowafanya waanze upya. Aliuliza wanasema nini. Deo alitikisa mkono hewani, ishara ya kwamba si kitu, achana nayo. Aliuliza tena, akiwa tayari ameanza kutabasamu ili awe pamoja nao, na mtu mwingine akatikisa mkono vilevile. Akakunja karatasi. Miaka michache nyuma angekuwa ndiye anayechekwa na anayecheka. Sasa alikuwa na nusu moja tu ya jambo hilo.

Shahidi wa pili alijitokeza mwenyewe. Osward alipopita dukani kununua bahasha, Mwanaiddi alitoka nyuma ya kaunta, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na akasimama karibu kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti sana. Alisema kwamba kadi ni kitu kilicho wazi, naye kwa miaka hii yote alikuwa akizisoma. Aliomba radhi. Hakuelewa zile herufi na namba, ila zile sentensi za chini alizielewa, na siku dada wa yule mama alipofariki alikuwa amehuzunika, akakosa wa kumwambia.

"Ile asubuhi nimeikumbuka," alisema. "Ulifika hapa hatujafungua. Ukamwambia Zubery atoe kijana wa bodaboda alifukuze basi, eti kuna kadi umeituma kwa makosa. Zubery akakwambia basi limeshavuka Inyonga. Ukakaa pale kwenye saruji mpaka saa nne."

"Nilikaa."

"Mtu aliyetumia kompyuta hafukuzi basi, Mzee. Hilo naliandika mimi."

Akaliandika, kwa mwandiko mzuri kuliko wa wote, na akagonga muhuri wa duka chini yake bila kuombwa.

Maelezo ya Osward mwenyewe, yalipokwisha, yalikuwa na mistari sita. Alisema alitoka kwenye drafti, aliona kete wazi, akala. Alisema hakufikiri. Katika mstari wa sita aliandika kwamba kuhusu hatua zilizofuata yuko tayari kueleza, moja baada ya nyingine, iwapo Kamati itapenda kuuliza. Karatasi zote tatu alizipeleka posta siku ya kumi na saba.

*

Kamati haikupenda kuuliza. Jibu lilichukua wiki sita, na katika wiki hizo mvua zilianza, barabara ya Mwese ikakatika kama ada yake, na mchele wa Josephina ukapanda bei bila yeye kupata faida. Kadi haikuja hata moja. Mchezo ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyekuwa na zamu. Osward aliendelea kwenda dukani Jumanne na Ijumaa, na baada ya muda Mwanaiddi akawa anatoka kizingitini na kutikisa kichwa tangu mbali, ili mzee asivuke barabara yenye matope bure. Ulikuwa wema, naye aliupokea kama wema. Lakini ulimpunguzia na ule mwendo wa kuvuka.

Bahasha ilipofika, safari hii haikufunguliwa. Mwanaiddi alikuwa ameiweka peke yake kwenye rafu, chini ya mkebe wa rangi.

Ushindi ulithibitishwa. Jina lake lilibaki daftarini, kwa kiwango kipya cha alama elfu moja mia nne sitini na mbili. Katibu alikuwa ameandika kwa lugha ya staha kwamba *Kamati imeridhika kuwa hatua ya kumi na tisa haikutokana na mashine, kwa kuwa imethibitika haikutokana na fikra yoyote.* Aliomba ruhusa ya kuyachapa maelezo yake na ya Bwana Deo kwenye jarida la Umoja, kwa manufaa ya wachezaji chipukizi. Ruhusa hiyo, ilionekana, ilikwisha kuchukuliwa, maana jarida lenyewe lilikuwa ndani ya bahasha. Maelezo hayo walikuwa wameyapa kichwa cha habari: *Mshindi kwa Mazoea.*

Josephina alimsubiri mlangoni.

"Umeshinda?"

"Nimeshinda."

"Jina lako limebaki?"

"Limebaki."

"Sasa mbona unakaa kama uliyefiwa?"

Angeweza kumwambia kwamba watu mia na ushei sasa wanajua juu yake jambo moja la kweli, na kwamba ni jambo pekee katika mchezo ule ambalo halikuwa lake. Angeweza kumwambia kuhusu mraba wa mbele na mraba wa nyuma. Yote hayo yangehitaji maelezo marefu, na maelezo marefu yangehitaji maswali, na maswali yangehitaji sauti. Alisema miguu imelowa. Josephina akamletea ndoo ya maji ya moto.

Siku hiyo aliupangua ubao. Alizipanga kete upya kwenye mistari yake ya mwanzo, nyeupe huku na nyeusi huku, na akazifunika na kitambaa cha meza.

*

Kadi ilikuja Ijumaa ya tatu. Mwanaiddi hakutikisa kichwa wala hakuita. Alivuka barabara yeye mwenyewe, viatu mkononi, akampa na kurudi dukani bila kusema alichokisoma.

Wino ulikuwa umeburuzwa. Hapakuwa na hatua juu yake, kwa hiyo sentensi za Odeta, zilizozoea kubanwa chini, zilikuwa zimeijaza kadi yote.

*Malalamiko yalikuwa yangu. Mpwa wangu ana kompyuta, alinionyesha, nikaamini. Nimesoma uliyoyaandika na ya shahidi wako na nimeielewa ya 19. Naomba radhi. Sasa nauliza kwa haja yangu, si kwa Kamati. Mashine ile iliyoisifu ya 19 inasema ya 33 ni kosa. Nimeiangalia wiki tatu na sioni kosa. Ndiyo iliyonishinda. Ulikuwa unafikiri nini? Huku mvua.*

Aliisoma akitembea, kisha akaisoma barazani, kisha ndani. Josephina alitoka jikoni na kusimama mbele yake ili aone midomo yake.

"Wamesemaje tena? Wamebadili?"

"Si wao. Ni yule mama wa Bukoba."

"Anakushtaki?"

"Ndiye aliyenishtaki. Sasa anauliza swali."

"Swali gani?"

Osward aliitazama kadi kana kwamba jibu la hilo nalo lilipaswa kusomwa. "Anauliza nilikuwa nafikiri nini."

Josephina alisubiri. Ilipokuwa wazi kwamba hakuna kitakachofuata, au kwamba kitakachofuata hakitasemwa kwa mdomo, alimwambia basi amjibu, na akarudi kwenye sufuria yake.

Hakukuwa na zamu. Hakukuwa na siku kumi, wala muhuri wa kuhesabu, wala kanuni ambayo ingemlazimu mwanamke yule kuandika tena hata akijibiwa. Osward alilijua hilo. Alitoa kadi tupu kwenye droo, akaandika anwani ya Bukoba, akaigeuza. Alianza na mraba wa nyuma, ule wenye kinga, na kwa nini kwa siku kumi na nne za mwanzo alikuwa ameutaka. Alipoinua kichwa alikuwa amefika ukingoni mwa kadi na bado hajafika siku ya tano.

Kwenye pembe ya juu, mahali palipobaki weupe, aliandika *1*. Kisha akatoa kadi ya pili.